Koili ya Kijani

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Cheche alitua mkoba nyuma ya mlango, akanawa mikono kwa sabuni na kuikausha barabara, ndipo akasogea kwenye meza ya mama yake. Mama hakutaka vidole vya jasho viguse kazi.

"Jasho lako la leo," alizoea kusema, "ni kutu ya mteja wangu kesho."

Mama alikuwa fundi wa vifaa vya umeme. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye dirisha pana lililotazama barabara. Wateja wengi hawakuingia hata ndani. Walipitisha redio na chaja zao dirishani, wakaeleza ugonjwa wake kama wanaomsimulia daktari, wakaenda zao. Juu ya meza palikuwa na mita ya kupimia, chuma cha kulehemu na taa ya shingo ndefu. Chini yake palikuwa na sanduku la mabaki, ambamo mama alitupia kila kilichong'olewa kutoka kwenye vifaa vilivyokufa.

Jina la Cheche lilitoka kwa wateja hao. Alipokuwa mdogo aligusanisha nyaya mbili za betri, cheche zikaruka, naye badala ya kulia akacheka. Sasa alikuwa darasa la saba, na alilehemu vizuri kuliko watu wazima wengi. Mama alimwamini. Alimwamini kiasi kwamba mara nyingine hakurudia kukagua kazi ya mkono wake.

Alasiri moja mlango ulibishwa taratibu. Alikuwa Bibi wa nyumba ya jirani, amekumbatia kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa shuka.

"Shikamoo Bibi," Cheche alisema, akimpokea mzigo.

"Marahaba mjukuu wangu. Usikiangushe. Humo ndani mna pumzi ya babu yako."

Hakuwa akitania. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Babu Kokoto, alipasua mawe machimboni tangu ujana wake, na vumbi la mawe lilimkaa kifuani. Sasa aliishi kwa mashine ya oksijeni iliyowekwa kando ya kitanda. Umeme ulipokatika, na ulikatika mara kwa mara, mashine ile iliendeshwa na betri kubwa kupitia kisanduku hiki, inveta, kinachochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama ule wa ukutani. Tangu jana yake inveta ilikuwa imezima na kutoa harufu ya kuungua.

Cheche alimpenda mzee yule. Alikwenda kumsalimu karibu kila siku, naye alimtegea vitendawili, akipumzika katikati ya kila neno ili avute hewa. "Wenzangu walijengea kokoto nyumba," alipenda kusema. "Mimi nimejengea mapafu." Kisha alicheka hadi akakohoa, na Bibi akamgombeza kwa kujichekesha.

Mama alifungua skrubu, akainua kifuniko. Transista, vile vipande vidogo vinavyowasha na kuzima umeme kwa kasi, zilikuwa zimepasuka, na koili kubwa ya waya iliyokuwa kando yake imekuwa nyeusi kama mkaa.

"Inatengenezeka?" Bibi aliuliza.

"Inatengenezeka, Bibi. Nipe hadi kesho jioni."

Bibi alipoondoka, mama alipanga koili mbili na pete moja tupu juu ya kitambaa. Hakuwa mtu wa kumwachia mtoto kazi bila kumweleza sababu yake.

"Tazama," alisema. "Hii ya kwanza ni waya mtupu, katikati hamna kitu ila hewa. Haishibi hata uilishe vipi. Lakini ili ifanye kazi hii ingebidi iwe kubwa kama ndoo. Nitaiweka wapi?"

"Na hii ya kijani?"

"Hiyo katikati ina pete ya feraiti. Ngumu kama kigae, na kama kigae, ukiiangusha inapasuka. Inataka waya kidogo tu. Ni nzuri sana ya kuchuja kelele za umeme pale unapoingilia kwenye chombo. Kasoro yake ni kwamba hushiba ghafla."

"Koili inashibaje, mama?"

"Kazi ya koili ni kuuzuia umeme usiingie kwa pupa. Inaupokea, inaushika kidogo, inautoa taratibu. Ikishiba haishiki tena. Inabaki waya tu. Umeme unapita kama mafuriko, na wa kwanza kufa ni hizi transista."

"Kwa hiyo feraiti ni mbaya?"

"Si mbaya. Ziko zenye mwanya uliokatwa katikati, hizo zinavumilia mzigo mkubwa. Hii haina mwanya, ni pete nzima. Kila kitu na mahali pake." Mama akaokota pete ya njano, nzito, isiyo na waya. "Na hii ni unga wa chuma uliokandamizwa. Chembe zake hazikugusana sawasawa, kwa hiyo inashiba polepole. Ikilemewa, inapata joto kwanza, kama mtu anayekohoa kabla hajaanguka. Ubaya wake inataka waya mnene na mizunguko mingi. Itakuchosha mikono. Lakini ndiyo inayofaa hapa, nyingine haifai."

Kesho yake mama alikwenda mjini kutafuta transista. Alimwachia Cheche pete ile ya njano na fungu la waya wa shaba. "Zungusha ijae, bila kupandanisha. Ukimaliza, ilehemu mahali pake. Mimi nitamalizia."

Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Waya ulikuwa mnene na mkaidi. Alipouvuta upande mmoja, ulifumuka upande wa pili. Mizunguko michache tu, vidole vilikuwa vyekundu. Michache zaidi, ngozi ya kidole gumba ikachubuka. Hata nusu ya pete hakuwa amefika.

Ndipo kichwa cha rafiki yake kilipotokea dirishani. Alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa pete ya darasa lao, na kila mtu alimwita Nahodha, hata walimu.

"Bado uko humo? Mwalimu anachagua timu leo. Asiyekuwepo uwanjani hachaguliwi."

"Nina kazi ya mama."

"Basi kaa nayo. Nafasi yako ya ulinzi, wako wengi wanaoitaka."

Nahodha akaondoka akidundisha mpira. Cheche aliisikiliza sauti ya mpira ikififia barabarani. Aliitazama pete ya njano, akavitazama vidole vyake. Kisha akainama, akavuta sanduku la mabaki.

Hakutafuta sana. Juu kabisa palikuwa na koili iliyokwisha kufungwa vizuri, waya wake unang'aa, ukubwa wake ni ule ule. Pete yake ilikuwa ya kijani. Alijua ni ya kijani. Maneno ya mama yalikuwa bado mabichi masikioni mwake, lakini alijiambia kwamba koili ni koili, na kwamba ataibadilisha baadaye. Akachukua utepe wa njano, akaiviringa hadi rangi ya kijani ikapotea. Akailehemu mahali pake, safi, bila doa. Ile aliyoanza kuifunga akaisukuma chini kabisa ya sanduku. Kisha akakimbilia uwanjani.

Alichaguliwa. Alirudi nyumbani akiruka ruka, akamkuta mama ameshapachika transista mpya, na Bibi amesimama mlangoni na shuka lake begani. Umeme ulikuwa umecheza tangu mchana, unafifia na kurudi, na Bibi hakuweza kukaa chini.

Mama aliunganisha betri, akachomeka taa moja. Ikawaka vizuri, bila kupepesa.

"Nilitaka niijaribu kwa pasi pia, tuone ikibeba mzigo mzito," mama alisema.

"Mwanangu, nikawie tena?" Bibi aliuliza. "Yule mzee yuko peke yake."

Mama alimgeukia Cheche. "Umeifunga mizunguko yote, kama nilivyokwambia?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia ya kurudi. Ilikuwa wazi kabisa mbele yake, na haikuhitaji ila neno moja. Lakini Bibi alikuwa anamtazama, na mama alikuwa anatabasamu kwa uchovu.

"Yote, mama."

"Basi ichukue, Bibi. Mkono wake nauamini kama wangu."

Siku zilipita bila umeme kukatika, na kila siku iliyopita ilimpa Cheche moyo. Alikwenda mazoezini, akarudi, akala, akalala. Kwa Babu Kokoto hakwenda. Alijiambia kwamba hana nafasi.

Umeme ulikatika Jumamosi, saa za asubuhi, wakati Cheche akianika nguo uani. Redio za mtaa zilinyamaza zote pamoja. Alisimama na shati la shule mkononi, maji yakimdondokea miguuni, akasikiliza. Ilipita kitambo kidogo. Halafu akamsikia Bibi. Hakupiga kelele. Alikuja bila viatu hadi ukutani, akaita kwa sauti ya kawaida iliyomtisha Cheche kuliko ukelele wowote.

"Fundi. Njoo. Kimekufa."

Mama aliruka kutoka mezani, na Cheche akamfuata. Chumba cha mzee kilikuwa kimejaa moshi mwembamba na harufu kali ya vanishi iliyoungua. Inveta ilikuwa kimya sakafuni. Mashine ya oksijeni nayo ilikuwa kimya, na katika ukimya ule walisikia kitu kimoja tu: Babu Kokoto akitafuta hewa. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Mshike mgongo, asilale," mama aliamuru, akatoka mbio kutafuta gari.

Cheche alipanda kitandani, akamshikilia mzee kwa nyuma. Kupitia fulana alihisi mbavu zake moja moja, na moyo wake ukidunda kama ndege aliyenaswa. Babu aligeuza macho, akamwona. Alifungua kinywa kama anayetaka kusema jambo la kuchekesha, lakini halikutoka. Bibi alimpepea kwa kifuniko cha sufuria, akirudia, "Vuta, baba. Vuta tu. Vuta."

Jirani mwenye gari la kubebea mchanga alimpeleka hospitali pamoja na Bibi. Cheche na mama walibaki barabarani wakilitazama vumbi lake.

Habari mbaya haihitaji miguu. Kabla ya jioni mtaa mzima ulijua kwamba kifaa kilichotoka kwa fundi kilimzimikia mzee wa watu. Mwanamke mmoja alikuja dirishani kuchukua redio yake, haijatengenezwa. Mwanamume mmoja akafuata chaja yake. Hawakutukana. Walisema tu, "Naomba changu," na kutazama pembeni. Mama aliwapa vyao.

Kisha alikaa mbele ya ile inveta iliyoungua, akaigeuza na kuigeuza tena. Transista zilikuwa zimepasuka upya. Hakutazama koili. Kwa nini aitazame? Hiyo ilifungwa na mtoto wake.

"Ni transista," alisema mwishowe. Macho yake yalikuwa mekundu. "Yule muuzaji ameniuzia bandia. Nimenunua kwake miaka yote hii, leo ananifanyia hivi. Nakwenda kumwambia mbele ya wateja wake, mtu yeyote asinunue tena kwake." Akasimama, akachukua mtandio wake.

Cheche alimfahamu muuzaji yule. Alikuwa mzee mpole mwenye duka dogo lililojaa vijisanduku, na kila mara alimpa Cheche kiti chake akae. Cheche aliona picha yote: mama akipaza sauti, watu wakikusanyika, mzee akiapa kwamba bidhaa yake ni halali na hakuna anayemwamini. Uongo wa Cheche ulikuwa umeshamlaza mtu mmoja hospitali. Sasa ulikuwa unavaa mtandio, uende kumtafuta wa pili.

"Mama, usiende."

"Nisiende kwa nini?"

Cheche alichukua kisu kidogo cha mezani, akachana ule utepe uliobabuka juu ya koili. Rangi ya kijani ikatokea chini yake, na mpasuko mwembamba uliozunguka pete kama ufa wa kigae.

Mama aliitazama pete. Polepole akavua mtandio, akauweka juu ya kiti, akaketi juu yake bila kujua.

"Ile ya njano iko wapi?"

"Chini ya sanduku. Nilifika nusu."

"Kwa nini?"

"Nahodha alikuja kuniita. Walikuwa wanachagua timu."

Cheche alingoja kofi, na alitamani lije. Halikuja. Mama alifunika uso kwa viganja, na alipoviondoa alionekana kama amezeeka.

"Na mimi nilijaribu kwa taa moja," alisema. "Taa moja hailemei kitu. Nilijua, nikampa." Akainuka. "Vaa viatu. Tunakwenda hospitali."

Bibi alikuwa kwenye benchi la mbao nje ya wodi. Mama alimwamkia, halafu akasogea nyuma, akamwacha Cheche peke yake mbele ya Bibi. Cheche alisema yote. Alisema kuhusu pete na waya, kuhusu utepe, kuhusu uwanja. Alipokwama, hakuna aliyemsaidia kuendelea.

Bibi alimsikiliza akiwa ameinamia mikono yake.

"Nilikuwa nimesimama pale mlangoni," alisema baadaye. "Ulinitazama usoni ukasema umefunga yote. Nikaenda kwangu na kifo mikononi, nimekivika shuka."

"Nisamehe, Bibi."

"Siku nyingine labda. Leo sina. Nenda nyumbani."

Cheche alilia njia nzima. Mama alimshika mkono, lakini hakumwambia anyamaze.

Jumatatu mama aliondoka asubuhi kwenda kununua transista nyingine kwa muuzaji yule yule. Cheche alikwenda shuleni kumwambia mwalimu wa michezo kwamba amchague mwingine. Nahodha alinuna, akamwambia ameiharibu timu. Cheche hakubishana naye.

Alasiri alinawa mikono, akaikausha, akaichukua pete ya njano. Aliufungua waya wote aliouanza, kwa sababu ulikuwa umelegea, akaanza upya. Vidole vilichubuka pale pale pa zamani. Alivifunga kitambaa, akaendelea. Waya ulipopandana aliurudisha nyuma. Jua lilipoiacha meza, pete ilikuwa imejaa, mizunguko yake imelala kama mikeka iliyopangwa.

Mama hakuipachika moja kwa moja. Alimwambia Cheche atafute koili nyingine ya kijani, nzima, kisha azifunge kwenye kifaa kidogo cha majaribio, ya kijani kwanza, halafu ya njano. Waliongeza taa moja moja. Kwa taa ya kwanza, koili zote mbili zilikuwa sawa. Mtu asingeweza kuzitofautisha. Kwa ya pili pia. Lakini taa zilipoongezeka, sindano ya mita kwa koili ya kijani iliruka ghafla hadi mwisho, na mama akazima haraka. Ya njano ilipanda pole pole, ikapata joto mkononi, ikabeba mzigo.

"Umeona?" mama aliuliza.

"Nimeona. Mzigo ukiwa mdogo hazijulikani."

Walimaliza inveta, wakaipachikia pasi, si taa. Cheche alikaa kando yake hadi betri ikaisha, akiigusa kila mara kwa nyuma ya kidole. Kisha wakaichaji betri na kuanza tena.

Babu Kokoto alirudi nyumbani, lakini hakurudi yule yule. Zamani aliweza kutembea hadi mlangoni na kuketi juani. Sasa mashine haikuzimwa kabisa, na mpira wa pumzi haukumtoka puani. Daktari alimwambia Bibi waziwazi kwamba kilichopotea siku ile hakirudi.

Bibi alikuja kuichukua inveta yake mwenyewe. Safari hii hakusimama mlangoni. Alivuta kiti, akaketi, akasema, "Nionyesheni." Wakamwonyesha kwa mzigo mzito, muda wote alioutaka. Kisha Cheche akaibeba hadi chumbani kwa mzee, akaiunganisha, na mama akachomoa waya wa ukutani kwa makusudi. Inveta ilinguruma, mashine ikaendelea kupumua bila kukatika.

Babu Kokoto alifumbua macho. "Ni... mtoto wa fundi?" aliuliza.

"Ndiyo, Babu. Shikamoo."

"Marahaba." Akavuta hewa. "Umepotea sana."

Cheche aliinama. Bibi alitazama inveta, akamtazama yeye.

"Kaa hapo, mjukuu wangu," alisema. Uso wake ulikuwa bado mgumu. "Nimefikiri mengi kwenye lile benchi. Mtoto kuchoka si dhambi. Hata kuweka kitu kisichofaa, watu wazima hufanya, na fundi akiambiwa hukitoa. Lakini kosa lililofichwa nani atalitoa? Mama yako aliliangalia kwa macho mawili asilione, kwa sababu ulikuwa umelifunika kwa neno lako. Ukichoka, sema nimechoka. Ukikosea, sema nimekosea, hata kama nimesimama mlangoni nina haraka. Bora unikasirishe kuliko unizikishe."

"Nimesikia, Bibi."

"Kusikia ni rahisi. Uje kesho uitazame tena hiyo koili kama inapata joto. Na kesho kutwa. Nitakuamini polepole."

Cheche alirudisha waya wa ukutani mahali pake. Halafu akavuta kigoda, akakaa kando ya kitanda, kwa sababu mzee alikuwa ameinua kidole kuashiria kwamba ana jambo la kusema, na ilimpasa kungoja mpaka apate pumzi ya kulisemea.